Nyumba Isiyo na Sukari

Kaleli alipokea kikapu kwanza, ndipo akamtazama mwenyewe. Ruqayya alikuwa amemzoea. Kaleli alikuwa mtu wa kuuficha moyo wake ndani ya kazi ndogondogo: kubeba mzigo, kufunga mlango, kuuliza kama umekula. Kazi hizo zikiisha, akakosa tena pa kujificha, macho yake hutua usoni mwako na kukaa. Leo yalitua palepale stejini Kimbo, katikati ya watu na jua kali la Februari, na Ruqayya akahisi joto likimpanda mashavuni chini ya hijabu.

"Umekula?"

"Nitakula kwenu. Si ndiyo nimekuja kupika."

"Umekonda."

"Wewe ndiye umekonda, Kaleli. Umejitazama?"

Hakuwa amejitazama, na ilionekana. Shati lake la kazi, la duka la vifaa vya ujenzi mjini Ruiru alikokuwa akitunza stoo, lilimpwaya mabegani. Tangu mama yake akatwe mguu kabla ya Krismasi, Kaleli alikuwa akiamka na kumdunga sindano, akimwogesha, akimpikia, akienda kazini na kurudi mchana kumwangalia, kisha akirudi tena kazini. Dada zake walikuwa wameolewa mbali, na simu zao zilikuwa za kutoa pole.

"Alisemaje ulipomwambia nakuja?"

"Hakusema ndiyo." Akahamishia kikapu mkono wa pili. "Ila hakusema hapana. Mwaitu," alisema, akimtaja mama yake kwa Kikamba, "siku hizi hana nguvu ya kusema hapana mara mbili. Hali kitu, Ruqayya. Nikimwekea chakula anakiangalia kama mchanga. Ndiyo nikakumbuka ile keki yako."

Keki hiyo ndiyo iliyowakutanisha. Ruqayya alikuwa akioka nyumbani kwao Kamenu, pale Thika, keki za harusi na za siku za kuzaliwa. Siku moja Kaleli akampigia simu kuuliza kama kuna keki ambayo mtu mwenye kisukari anaweza kuila bila kulazwa hospitali. Alipoifuata, akauliza Ruqayya amejifunzia wapi kuoka bila sukari. Ruqayya akamwambia ana shangazi mwenye ugonjwa huo.

Shangazi huyo hakuwapo. Ulikuwa uwongo mdogo wa kumwambia mteja usiyemjua. Lakini mteja akarudi. Akarudi tena, safari hiyo bila kuagiza keki. Uwongo ukabaki palepale ulipowekwa, mapenzi yakajengwa juu yake, na kila mwezi uliopita ulifanya iwe vigumu zaidi kuuchomoa.

Mwenye kisukari alikuwa Ruqayya mwenyewe, tangu shule ya msingi. Asubuhi na jioni alijidunga sindano, kimya, kama wengine wanavyopiga mswaki. Alishajiandaa kumwambia Kaleli. Ilikuwa nje ya wodi, mama yake akiwa bado hajazinduka baada ya upasuaji. Kaleli akamtangulia. Aliegemea ukuta akasema, "Siku Mwaitu atakapopumzika, sitaki kuona sindano tena maishani mwangu. Namwomba Mungu hilo tu." Ruqayya aliyameza maneno yake, na hayakuwahi kushuka.

"Akikusema vibaya usimjibu," Kaleli alisema walipokata kona kuelekea nyumbani. "Ni maumivu."

"Tutaelewana au tutagombana. Yote ni mazungumzo."

Kaleli akacheka kidogo. Wakatembea bega karibu na bega bila kugusana, na Ruqayya akatamani njia ile iwe ndefu hadi Murera.

Nyumba ilikuwa ya mawe, ndogo, yenye uga nyuma. Mbinya, mama yake Kaleli, alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha la sebule, leso mapajani, nywele zimesukwa na mkono usiojua kusuka. Ruqayya alijua ni mkono wa nani.

"Habari yako, mama."

"Niko tu." Mbinya alimtazama kutoka hijabu hadi viatu, akapanda tena juu. "Wewe ndiye yule."

"Ni mimi."

"Nilisema hutaingia jikoni kwangu mpaka nizikwe."

"Mwaitu," Kaleli akasema.

"Nasema tu kile nilisema. Nusu yangu imeshazikwa. Wacha aingie."

Jikoni, Kaleli alifungua kabati moja baada ya jingine kama mtu anayeonyesha nyumba mpya. Unga wa wimbi, maharagwe, chumvi kidogo, majani ya chai. "Sukari hakuna," alisema. "Asali hakuna, soda hakuna, hata ndizi mbivu haiingii hapa. Nilisafisha kila kitu. Mtu akitaka chai ya sukari, akanywe kwao."

Alisema kwa fahari. Ruqayya akakumbuka pakiti yake ya glukosi ya dharura, ya kulamba sukari ya mwili ikishuka, ambayo huenda nayo kila mahali, na papo hapo akaiona kwa macho ya moyo ikiwa juu ya meza kule Kamenu, ndani ya mkoba aliouacha ili apate mkono wa kubebea matunda. Kisha akajituliza. Mchana bado, atakula tu muda si mrefu.

"Benta, yule jirani, ndiye hushinda na Mwaitu," Kaleli alisema. "Leo ameenda mazishi. Mtakuwa wawili."

"Nenda kazini, Kaleli."

Hakwenda mara moja. Alishika ncha ya hijabu yake iliyoning'inia kifuani, akaipapasa kati ya vidole viwili kama anayepima kitambaa dukani, akaiachia. "Asante," alisema, kwa sauti ambayo haikuwa ya kushukuru kwa chakula. Akatoka haraka.

Hapakuwa na oveni. Ruqayya aliwasha jiko la makaa karibu na mlango wa uani, akaosha plamu na mapeasi, akaanza kukata. Nyuma yake alisikia magurudumu. Mbinya alikuwa amejisukuma hadi mlango wa jikoni na kukwama hapo, kwa maana mlango ulikuwa mwembamba kuliko kiti.

"Ni nini hiyo unapika?"

"Inaitwa kobla. Matunda yanakaa chini, unga juu."

"Kobla ni fundi wa viatu."

"Ni jina lilelile, mama."

"Basi anipunguzie bei. Mimi nashonewa kimoja."

Ruqayya hakujua kama acheke. Akacheka. Mbinya hakucheka, lakini hakuondoka.

"Utaweka sukari vijiko vingapi?"

"Hata kimoja. Plamu zimeiva, na mapeasi yana utamu wake. Naacha maganda. Mdalasini na iliki vinaudanganya ulimi." Alichanganya unga wa atta, ngano isiyokobolewa, na wa wimbi, akatia bekingi pauda, maziwa lala na mafuta kijiko kimoja mahali pa siagi. "Unga naudondosha hapa na pale tu, haufuniki matunda yote. Hivyo inakuwa nyepesi. Lakini si ya kula sufuria nzima, mama. Matunda nayo yana sukari yake. Ni kipande, halafu ugali wa jioni unapungua."

"Unaongea kama wale wa kliniki."

Ruqayya alifunika sufuria, akapanga makaa juu ya kifuniko.

"Baba yako anajua uko hapa?"

"Anajua."

"Anasema nini?"

"Anasema Kaleli asilimu kwanza, ndipo waongee."

"Na mimi nasema ubatizwe kwanza. Basi tuko sare." Mbinya alikunja leso mapajani. "Huyo mzee anaitwa nani?"

"Abdulkarim."

"Mwambie namwelewa. Hakuna mwingine wa kumwambia hivyo isipokuwa mimi."

Makaa yalikuwa na unyevunyevu. Yalitoa moshi, yakakataa kushika, na Ruqayya alipepea hadi mkono ukachoka. Mchana ulipita hivyo, kidogo kidogo, bila yeye kuuangalia. Jasho likamtoka mgongoni. Akadhani ni jiko. Magoti yakalegea, akadhani ni kuchuchumaa. Kisha ghafla akamkasirikia yule mama kule mlangoni, kwa hasira kubwa isiyo na sababu, na hasira hiyo ndiyo iliyomtisha, kwa kuwa aliijua. Dawa ya asubuhi ilikuwa ikidai chakula chake, na yeye alikuwa hajailipa.

Alitaka kusimama. Kijiko kikamtoka mkononi, na akakisikia kikianguka kwa mbali sana.

"Wewe msichana," Mbinya alikuwa akisema. "Jina lako ni nani?"

Jina lilikuwa mahali fulani. Alilitafuta.

"Niangalie. Hilo jasho nalijua. Ulijidunga asubuhi?"

Ruqayya alitikisa kichwa kukubali.

"Na hujakula."

"Sukari," Ruqayya alisema, au alidhani amesema. "Kaleli ametoa." Mgongo wake ukateleza ukutani hadi chini. Kutoka sakafuni aliona magurudumu yakigonga fremu ya mlango, yakirudi nyuma, yakigonga tena. Kisha akaona kitu ambacho baadaye hakuwa na hakika kama alikiota. Mbinya alijiinua kwa mikono miwili, akavuta kitu chini ya mto aliokalia, akajiangusha sakafuni. Alianguka vibaya, kwa upande wa kigutu, na sauti iliyomtoka haikuwa kubwa. Akatambaa. Alivuta mwili wake juu ya saruji, kiwiko, kiwiko, mguu mmoja ukisukuma, akapita karibu na jiko lenye moto hadi mahali Ruqayya alipokuwa.

"Fungua mdomo. Meza. Usilale, meza kwanza."

Ulikuwa utamu mtupu, punje za sukari zilizokwama kwenye meno. Vidole vya Mbinya vilikuwa vikavu na vikali. Vilimlisha, vikamfinya shavu, vikamlisha tena, kisha vikamtia peremende. Jikoni kukaanza kurudi kidogo kidogo: kwanza ukuta, kisha moshi, kisha uso wa yule mwanamke, karibu sana, umejaa jasho.

Kati yao palikuwa na soksi nene ya kahawia. Mguu wake Mbinya ulikuwa umevaa ya pili yake. Hii ilikuwa ya mguu uliokatwa, na ilikuwa imejazwa peremende na sukari iliyofungwa kwenye karatasi.

Walikaa hivyo sakafuni, migongo ukutani, kama watoto waliofungiwa nje.

"Tangu lini?" Mbinya aliuliza.

"Nikiwa shule ya msingi."

"Kaleli anajua?"

"Hapana."

"Na yule shangazi Kaleli alinielezea?"

"Hakuna shangazi, mama."

Mbinya alivuta pumzi, akaitoa taratibu. Aliichukua soksi akaiweka pajani. "Na yeye hajui hii. Benta ndiye huniletea. Usidhani ni ulafi. Siku nyingi hata sionji, nakaa tu juu yake. Kijana wangu ananipimia maji. Ananipimia chumvi. Ananiambia saa ya kulala. Ananiogesha, mimi niliyemwogesha. Hii ndiyo kitu moja ndani ya hii nyumba hajaishika."

"Anakupenda."

"Ananipenda. Alinikuta siku moja nimezimia hapo sebuleni, akadhani nimekufa. Mimi niliamka. Yeye bado anasimama mlangoni siku hiyo." Aliionyesha hijabu kwa kidevu. "Mimi nilikukataa kwa sababu ya hiyo kitu umefunga kichwani. Nililala nayo, nikaamka nayo. Leo nimeona ni sababu ndogo. Sasa niko na kubwa."

Ruqayya alijua inakuja. Hakujitayarisha vya kutosha.

"Akishanizika, nataka apumzike. Nataka apate mwanamke atakayemzika yeye. Nimeona vile hii kitu inakula mtu, na inavyokula yule anayemtunza. Sitaki aanze upya. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Sisemi kwa ubaya."

"Najua, mama. Ndiyo maana inauma."

"Mwambie leo. Usipomwambia, nitamwambia mimi."

Harufu ya mdalasini ilikuwa imeijaza nyumba bila wao kujali. Ruqayya alisubiri hadi miguu ikapata nguvu. Akamsaidia Mbinya kurudi kitini, kazi ngumu iliyowaacha wote wawili wakihema, kisha akaipua sufuria. Unga ulikuwa umepata rangi ya kahawia, na maji ya plamu yalikuwa yakichemka kando kando, mekundu. Akakata vipande viwili. Walikula sebuleni, mmoja kitini, mwingine kwenye kochi.

"Ina uchachu," Mbinya alisema.

"Ndiyo."

"Ni nzuri." Alikwangua sahani hadi ikawa nyeupe. "Sema tena jina lako."

"Ruqayya."

"Lukaya," Mbinya alisema polepole, kama mtu anayeonja.

Hapo mlango ukafunguliwa. Kaleli alikuwa amerudi mapema. Alikuwa amempigia mama yake simu, ikaita bila kupokelewa. Aliingia na hofu yake yote usoni, na kitu cha kwanza alichokiona ni sahani tupu mikononi mwa mama yake.

"Umekula, Mwaitu."

"Nimekula."

Alipiga magoti mbele ya kile kiti. Kisha akageuza uso kwa Ruqayya, na yale macho ya stejini yakatua tena, safari hii bila kificho, mbele ya mama yake mzazi. Ruqayya aliyapokea. Aliyashika kwa nguvu, kwa sababu alijua ni ya mwisho ya namna hiyo.

Mikono ya Kaleli ikateremka kulainisha leso ya mama yake. Ikasimama. Leso ilikuwa na vumbi la saruji. Kwenye kiwiko cha mama yake palikuwa na mchubuko. Na pembeni mwa mto, soksi ilikuwa imechungulia nje. Akaivuta. Punje za sukari zikamwagika sakafuni.

Akasimama.

"Umemletea mama yangu sukari," alimwambia Ruqayya. Hakupaza sauti.

"Aliyekula ni mimi."

"Usinidanganye."

"Nilikudanganya zamani, sikudanganyi sasa. Nina kisukari, Kaleli. Tangu utotoni. Sindano yangu ni ya asubuhi na jioni, kama ya mama yako. Leo nilichelewa kula nikaanguka jikoni, na mama yako akatambaa sakafuni akanilisha. Bila hiyo soksi ungenikuta vingine."

Kaleli aliketi kwenye mkono wa kochi kana kwamba amesukumwa. Alimtazama mama yake. Mbinya aliitikia kwa kichwa: ni kweli.

"Kila mara nilipolia kwako," Kaleli alisema, "ulikuwa unajua ninalia nini."

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Ulisema hutaki kuona sindano tena maishani mwako. Nilitaka nikae na wewe kidogo kabla hujaniona."

Kaleli alifunika uso kwa mikono. Ruqayya alitaka kwenda kumshika, na hakwenda. Alipoondoa mikono, macho yalikuwa mekundu lakini yametulia, na utulivu huo ulikuwa wa mtu aliyepata kazi ya kufanya. Aliinuka. Aliichukua soksi, akapita jikoni hadi uani, kwenye bomba.

"Kaleli," Mbinya aliita. "Hiyo ni yangu."

"Hii ni sumu, Mwaitu."

"Imemfufua mtu leo."

"Angekula kwa wakati hangehitaji kufufuliwa."

"Niachie hata kidogo. Sitakula. Niachie tu."

Walisikia bomba likifunguliwa. Kutoka alipoketi Ruqayya aliweza kumwona kupitia milango miwili: ameinama, ameigeuza soksi nje ndani, anaisuuza, anasukuma peremende kwa kiatu hadi kwenye mtaro. Alifanya kwa uangalifu, bila hasira. Ruqayya akamgeukia Mbinya, akaona uso wake ukifungwa taratibu kama duka jioni. Mkono wake ulikuwa umeingia chini ya mto, mahali ilipokuwa imekaa ile soksi, ukabaki hapo.

Kaleli alirudi na mikono yenye maji. Alimchuchumalia Ruqayya, akaichukua mikono yake yote miwili. Hakuwahi kuishika hivyo.

"Sikuachi," alisema. "Umenisikia? Nilikuwa nikiogopa utaniambia baba yako amekutafutia mtu. Hili nalijua. Hili naliweza."

Ruqayya alikuwa ameyaota maneno hayo mawili, naliweza na sikuachi, usiku mwingi kule Kamenu. Yalimfika moyoni na machozi yakamtoka.

"Utahamia hapa," Kaleli aliendelea. "Wazee nitaongea nao mimi, wako na wangu. Sindano nitakudunga mwenyewe, wewe na Mwaitu pamoja. Chakula nitakupimia. Hizo keki utaacha, mtu hawezi kushinda katikati ya sukari. Na hutasafiri tena peke yako. Hutaanguka tena, Ruqayya. Nakuapia."

"Na mimi nitakuwa nikifanya nini?"

Hakulielewa swali. "Utakuwa salama."

Mbinya alikuwa akitazama dirishani. Alikuwa amesema yake kule jikoni. Ruqayya aliitazama ile shingo nyembamba, zile nywele zilizosukwa vibaya kwa mapenzi makubwa, akajiona mwenyewe ameketi hapo.

Akaitoa mikono yake, kidole kwa kidole.

"Nimejidunga mwenyewe tangu mama yangu aliponifundisha kwa kudunga chungwa," alisema. "Leo nilikosea. Nitakosea tena siku moja, na ninaweza kufa nikikosea. Hilo nalijua kuliko wewe. Lakini nimeishi, Kaleli. Sijakaa tu nikizuia kufa."

"Unanikataa."

"Ndiyo."

"Kwa sababu ya peremende."

"Kwa sababu alikuomba umwachie kidogo, na ukafungua bomba."

Kaleli alibaki amechuchumaa. Alionekana mchanga sana. "Nifanye nini, basi? Nimwangalie tu akifa? Nikuangalie wewe?"

"Nakupenda," Ruqayya alisema. "Asubuhi pale stejini ningekufuata popote."

"Na nikibadilika?"

"Anza na yeye."

Alifunga hijabu yake vizuri, akaenda kwa Mbinya kumuaga. Mbinya hakugeuka kutoka dirishani, lakini alimshika kifundo cha mkono, kwa vidole vilevile vikavu, akakikaza.

"Nenda, mwanangu," alisema.

Ruqayya alitoka, akaelekea langoni. Alisikia nyayo nyuma yake na akajua ni za Kaleli. Alipofika nje ya lango, akageuka. Kaleli alikuwa amesimama ndani ya lango, mkono kwenye komeo, na lile shati la kazi limelowa kifuani. Walitazamana. Hakuna aliyetafuta kazi ya kujifichia. Aliona kifua chake kikipanda, aliona mguu wake ukivuka kizingiti cha lango, na moyo wake msaliti ukamwambia: akifika hapa, nitarudi.

"Kaleli." Sauti ya Mbinya ilitoka ndani, ya chini, yenye aibu. "Njoo unipeleke choo."

Kaleli akatazama nyumba. Akamtazama Ruqayya. Kisha akageuka, akaingia ndani kwa mwendo wa haraka, kama alivyoingia kila mara alipoitwa.

Ruqayya asingeweza kumpenda mwanamume ambaye angebaki langoni. Akashika njia ya stejini.